Koki Chini ya Goti la Kushoto

Kuwasha pikipiki ni kazi ile ile katika kila bandari: mguu, subira na matusi kidogo. Tabia za watu zinaonekana katika kuzima. Aden huikaba kwa gia mpaka ikajifia kwa kishindo. Bombei hawazimi kabisa, huiacha ikinguruma mlangoni na mwenyewe akakaa kunywa chai. Mombasa huipiga resi moja ya mwisho, kama mtu anayekohoa kabla ya kuaga. Unguja, katika miaka ile baada ya Mapinduzi, walizima mapema.

Pikipiki zilikuwa chache, petroli ilitolewa kwa kibali, na mji ulikuwa umejifunza kusikiliza. Injini ikisimama mbele ya mlango wa mtu, nyumba tatu za jirani zilinyamaza mpaka ijulikane nani amefuatwa na kwa jambo gani. Kwa hivyo mwendeshaji mwenye adabu alikata moto hatua hamsini kabla ya kufika, akashuka, akasukuma. Mbele ya msikiti wakati wa sala alifanya hivyo, mbele ya nyumba yenye matanga alifanya hivyo, na mbele ya nyumba yenye mwanamke wa kujifungua ndiyo kabisa. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo. Lakini asiyeifuata alitajwa, na pamoja naye akatajwa mama yake.

Zahor Khelef wa Kiponda aliifuata kuliko wote. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye sauti ndogo, na alipokuwa karani wa ofisi moja ya karafuu pale Malindi alinunua pikipiki ya Kiingereza kutoka kwa mpima ardhi aliyekuwa akirudi kwao. Hiyo ilikuwa mwaka hamsini na nane. Januari ya sitini na nne watu wawili wenye bunduki waligonga mlango wake, wakaomba ufunguo. Aliwaambia pikipiki ile haina ufunguo. Wakaisukuma mpaka mwisho wa kichochoro na wakapotea nayo. Ndugu zake walikwenda Maskati mwaka ule ule. Yeye alibaki, kwa sababu mama yake, Bi Shariffa, alikuwa amepooza upande mmoja na hakuna aliyekuwa tayari kumpandisha chomboni.

Miaka miwili hakuwa na kazi. Aliuza saa ya ukutani, kisha sanduku la Kihindi, kisha bangili za mama yake. Siku moja akaitwa kwenye uwanja wa idara moja ya serikali karibu na Mnazi Mmoja. Chini ya banda la mabati aliikuta pikipiki yake, vumbi limeifunika mpaka haina rangi. Mkuu wa magari, Bwana Muhiddin, alikuwa amekaa juu ya tairi anakula muhogo wa kuchoma.

"Wewe ndiye Zahor wa Kiponda?"

"Naam."

"Hii ilikuwa yako?"

Swali la namna hiyo, mwaka ule, lilikuwa na majibu mengi mabaya. "Niliwahi kuipanda," alisema Zahor.

Muhiddin alicheka. "Fundi wa kwanza kaitukana. Wa pili kaipiga teke. Wa tatu kasema ina jini. Wewe wasemaje, ina jini?"

"Haina jini. Nipe alasiri moja na kopo la petroli."

"Ikiwaka, utaipanda wewe, uwe tarishi wa mashamba. Isipowaka, rudi kwenu ukalale."

Ugonjwa wa pikipiki ile Zahor aliujua tangu mwaka sitini na moja. Ndani ya kabureta kuna sindano inayoyazuia mafuta yasiendelee kumiminika kikombe chake kikishajaa. Sindano hiyo ilikuwa imelika, na nyingine haikupatikana Unguja wala Dar es Salaam. Injini ikiwa inakwenda, hakuna neno, ilikunywa yote yaliyoshuka. Lakini ukiizima huku koki ya tangi iko wazi, petroli iliendelea kushuka, ikafurika, ikailowesha plagi, na hapo unaweza kupiga kiki mpaka jua lizame. Dawa yake ilikuwa moja. Kabla ya kufika unakokwenda ufunge koki, uiache injini imalize yaliyomo kikombeni na kujifia yenyewe. Ukitaka kuondoka, ufungue koki, uvute pumzi nne, kisha upige. Itawaka kwa kiki ya kwanza au ya pili.

Koki ilikuwa chini ya tangi, upande wa kushoto, pale goti linapokaa. Alasiri ile, akiwa peke yake bandani, Zahor aliisafisha kabureta, na alipomaliza akachukua tupa na kukikata kishikio cha koki. Kikabaki kipande kidogo kuliko njugu, mtu akikiona atadhani ni kichwa cha parafujo. Vidole vyake viwili vilitosha kukizungusha. Kisha akaja Muhiddin na watu wake, Zahor akainama kama anayefuta vumbi, akapiga kiki mara mbili, ikawaka.

Tangu siku hiyo alikuwa mtu anayehitajika. Si anayependwa, lakini anayehitajika, na kwa mtu wa jina lake na nyumba yake hicho kilikuwa kitu kikubwa. Alipata kibali cha petroli, mshahara, na karatasi yenye muhuri iliyosema kwamba ana kazi. Asubuhi alibeba mkoba wa barua mpaka Tunguu, Kitogani, Paje na Bwejuu, jioni akarudi. Katika uwanja wa idara walisema anaisomea dua. Waendeshaji wengine waliiga vitendo vyake vyote walivyoviona. Kwa kuwa Zahor aligonga tangi kwa kifundo cha kidole ili asikie mafuta yamebaki kiasi gani, wao pia waligonga, mara mbili, kwa heshima, hata matangi yao yakiwa yamejaa pomoni.

Katika safari hizo za barua alimpata Mize, binti wa Bi Mwanamkasi wa Bwejuu, akamwoa mwaka sitini na tisa. Watu wa Kiponda walisema kaoa shamba. Watu wa Bwejuu walisema binti yao kaolewa na mtu ambaye kesho hajulikani atakuwa wapi. Mize mwenyewe alisema mume wake ananuka petroli lakini hapigi kelele.

Mwaka sabini ikatoka amri kwamba kila dereva awe na mwenzake anayeijua gari yake, asije mmoja akaugua kazi ikalala. Zahor akapewa Borafya wa Kikwajuni, mtu wa miaka thelathini na mbili, baba wa watoto watatu, aliyekuwa mchukuzi bandarini. Alikuwa na mabega mapana, na mzaha haukumtoka mdomoni.

Zahor hakuwa na ugomvi naye. Alichoogopa ni hesabu nyepesi: siku Borafya atakapoweza kuiwasha na kuizima peke yake, hapatakuwa na sababu ya kumweka Zahor. Kwa hivyo alimfundisha kwa uaminifu gia, klachi, breki, namna ya kupita kwenye mchanga bila kuanguka, namna ya kujikinga na matawi ya msitu wa Jozani. Koki hakumfundisha. Kila asubuhi aliinama na kitambaa, akafuta, akainuka, akamwambia, "Haya, piga."

"Bwana Zahor," Borafya alimwambia siku moja, "mbona waifuta kama mtoto mwenye kamasi?"

"Vumbi adui yake."

"Vumbi gani, na jana mvua imenyesha kutwa?"

"Piga kiki, bwana, maneno baadaye."

Borafya akapiga, ikawaka, akafurahi kama amefunga bao uwanjani Amani. Jioni, walipokaribia Mnazi Mmoja, mkono wa kushoto wa Zahor uliteremka chini ya goti, na Borafya, aliyekaa nyuma amebeba mkoba, hakuona kitu. Injini ilikufa yenyewe mbele ya lango. "Hii punda," alisema Borafya. "Yajua nyumbani."

Mwaka uliofuata Mize alikuwa na mimba, na kama ilivyo desturi ya mimba ya kwanza alikwenda kwao Bwejuu kusubiri. Wakunga walisema bado wiki mbili. Jumatano moja ikaangukia zamu ya Zahor ya kazi za kujitolea, kubeba matofali kwenye majumba mapya yaliyokuwa yakijengwa Ng'ambo, zamu ambayo mtu wa namna yake hakuwa na busara ya kuikosa. Barua ziliachiwa Borafya, kwa mara ya kwanza peke yake.

Alfajiri Zahor alipita uwanjani. Akainama, akafuta, akaiwasha mwenyewe. Akampa Borafya kifurushi cha Mize: ratili mbili za sukari aliyoipangia foleni, na kanga.

"Sikiliza. Usiizime mpaka urudi."

"Hata nkienda haja?"

"Hata ukienda haja."

"Na petroli?"

"Inatosha. Usiizime tu."

"Kwa nini, lakini?"

Zahor alikuwa na nafasi pale. Uwanja ulikuwa mtupu, Muhiddin hajafika, na maneno yaliyohitajika hayakuzidi kumi. "Imezoea hivyo," alisema, akaenda zake kubeba matofali.

Borafya alifuata agizo. Tunguu hakuizima, Kitogani hakuizima, Paje mwalimu wa skuli alimpigia kelele kwamba watoto hawasikii na bado hakuizima. Saa tano alifika Bwejuu, akaiegemeza kwenye ukuta wa mawe wa nyumba ya Bi Mwanamkasi, inanguruma, naye akapiga hodi na kifurushi mkononi. Mlango ukafunguliwa na mwanamke asiyemjua, mikono imelowa mpaka viwikoni.

"We bwana, huna haya? Ndani mna mtu ana uchungu tangu usiku, nawe watuletea kinu cha kusaga mlangoni?"

Mtu yeyote wa Unguja angefanya alichofanya Borafya. Alikata moto pale pale, akaomba radhi, akakaa kwenye kivuli cha ukuta. Alisema baadaye kwamba alisikia kitu kinadondoka, tone kwa tone, akadhani ni maji ya mtungi.

Ilipokaribia saa sita na nusu Bi Mwanamkasi alitoka mwenyewe. Hakuwa mtu wa maneno mengi. "Mwanangu, mtoto amekataa kugeuka. Mkunga wa serikali yuko Makunduchi. Nenda."

Borafya aliirukia pikipiki. Akapiga kiki. Akakumbuka kufuta, akafuta kila mahali kwa kofia yake. Akagonga tangi mara mbili. Akapiga tena. Wanaume wawili waliotoka kuvua wakaja kumsukuma kwenye mchanga, wakaenda naye mpaka mwisho wa mji na kurudi, injini haikutoa hata kikohozi. Mguu wa kiki uliruka ukampiga muundi wa mguu, ngozi ikachanika, damu ikaingia kiatuni, naye hakuacha kupiga. Mize, ndani, alikuwa akiisikia kila kiki. Saa nzima ikapita. Mwisho akaombwa apande baiskeli ya mtu, akaenda Makunduchi kwa njia ya mchanga, maili na maili, mguu umevimba. Alirudi na mkunga kwenye gari la serikali wakati watu wanatoka msikitini alasiri. Mtoto alikuwa ameshazaliwa. Alikuwa mwanamume, kitovu kimemzonga shingoni, hakulia.

Zahor aliletewa habari asubuhi ya pili na Borafya mwenyewe, aliyekuja na lori la kuni. Alipofika Bwejuu mtoto alikuwa ameshazikwa. Mize alikuwa amelala ameuelekea ukuta. Nje, chini ya pikipiki, mchanga ulikuwa na doa jeusi pana kama sinia, na tangi lilikuwa kavu. Hakutaka kuiwasha mbele ya nyumba ile. Aliisukuma hadi nje ya mji, akatia nusu chupa ya petroli aliyokuja nayo, akavuta pumzi nne, akapiga. Ikawaka kwa kiki ya kwanza. Hapakuwa na mtu wa kumwona.

Siku ya tatu Borafya alikuja kwenye hitima akichechemea, akamwita pembeni.

"Bwana Zahor, mimi uliniambia nisiizime. Nikaizima. Mwanao nimemuua mimi."

"Usiseme hivyo."

"Nasema. Sikukusikiliza. Nisamehe kwa Mungu."

Zahor alitazama kiatu cha Borafya, ambacho damu ilikuwa imekikaukia kikawa kigumu kama ubao. Watu walikuwa karibu. Bwana Muhiddin naye alikuwa amekuja, amekaa jamvini. "Nimekusamehe," alisema Zahor.

Muhiddin aliamua jambo lake wiki ile ile. Borafya alirudishwa ghalani kupanga tairi na makopo ya rangi, na mshahara wake ukapungua. "Mimi nlijua toka zamani," Muhiddin alimwambia Zahor. "Hii yakujua wewe tu. Hakuna tena mambo ya mwenzake. Ni yako mpaka ife." Zahor alijibu, "Naam." Hakuwahi tangu mwaka sitini na nne kuwa na uhakika wa kesho kama aliokuwa nao siku ile.

Aliishi na uhakika huo siku arubaini. Alipita Bwejuu na barua, akazima mbali, akasukuma, akamwona Mize kwa dakika kumi, akaondoka. Mize alipomaliza arubaini yake alirudi Kiponda. Siku ya kwanza alimwosha Bi Shariffa, akapika, akafagia ua. Alasiri akakaa karibu na mumewe.

"Nataka tumpelekee kitu yule Borafya."

"Kitu gani?"

"Chochote. Yule mtu alipiga kiki mpaka akatoka damu. Nlikuwa nahesabu. Nlipofika mia mbili nikaacha. Wanasema watu wa ghalani wanamcheka, wanamwita Kiki. Yeye hajibu. Ana kosa gani yule, masikini?"

"Hana."

"Sasa kwa nini haikuwaka?"

Zahor alimwambia. Alianza na sindano, akaja kwenye tupa, akamaliza na alfajiri ile uwanjani. Hakujitetea kwa jina lake wala kwa mama yake, ingawa Bi Shariffa alikuwa chumba cha pili na pengine alisikia. Mize hakupiga kelele. Aliondoka pale alipokaa, akaenda kukaa upande wa pili wa ua, akaanza kuchambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa.

"Borafya anajua?"

"Hajui."

"Na ulimsamehe."

"Nilimsamehe."

"Nenda kamwambie," alisema Mize. "Ukirudi hujamwambia, hunikuti."

Ghala lilikuwa na joto na harufu ya mpira. Borafya alikuwa amebeba tairi mbili begani, akaziweka chini alipomwona, akamkaribisha kwenye kasha. Zahor hakukaa. Alisema yote akiwa wima. Borafya alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, anaukuna mguu juu ya lile kovu.

"Njugu?" aliuliza mwisho.

"Kidogo kuliko njugu."

"Chini ya goti."

"La kushoto."

"Mie nilikaa nyuma yako miezi minane." Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejaribu kukumbuka njia. "Ningeizima, ningegusa hicho kidude, mara moja, basi."

"Basi."

"Bwana Zahor, uliponisamehe nlilala usingizi usiku mmoja. Siku ya pili nikaona hapana, huyu mtu mwema, na mie nimemuulia mtoto. Sikulala tena. Wewe leo mie sikusamehe. Hata huo usiku mmoja sitaki uupate."

Zahor alimwambia ana haki. Akatoka, akavuka uwanja, akaingia kwa Muhiddin, akamwomba waende bandani. Pale, mbele ya madereva wawili na fundi mmoja, alipiga goti akakionyesha kile kipande cha chuma, akakizungusha kwa vidole viwili kwenda na kurudi. Hakuna aliyecheka. Muhiddin ndiye aliyesema.

"Miaka mitano umeificha mali ya serikali ndani ya mali ya serikali. Wajua wenzako wamekwenda wapi kwa chini ya hili?"

"Nnajua."

"Basi ondoka kabla sijapata kalamu. Na ile karatasi ya kazi, iache hapo."

Mwezi ule ule walifunga nyumba ya Kiponda. Bi Shariffa alipakiwa kwenye lori la kuni juu ya godoro, wakahamia Bwejuu, kwenye chumba cha uani kwa Bi Mwanamkasi. Hakuna aliyewafukuza na hakuna aliyewapokea kwa furaha. Kazi ya Mize na ya wanawake wote wa pale ilikuwa kamba: makumbi ya nazi yanafukiwa matopeni pwani miezi mingi, yakioza yanafukuliwa, yanapondwa kwa gongo, yanakaushwa, ndipo yanasokotwa. Wanaume hawakuifanya. Zahor aliifanya, naye alipondaponda vibaya, nyuzi zikakatika, wapita njia wakamwuliza kama huko mjini ndivyo walivyofundishwa.

Mize hakuzungumza naye juu ya mtoto, wala juu ya jambo jingine lolote lililopita. Alizungumza naye juu ya makumbi. Asubuhi maji yakitoka walikwenda pwani wakiwa hatua kumi kutoka mmoja hadi mwingine, yeye mbele, wakapiga magoti kwenye matope yanayonuka. Alimtazama akiponda mara tatu au nne, akamnyang'anya gongo.

"Si hivyo," alisema. "Sogea. Tazama mkono wangu."